Mwanafunzi Ambaye Hajazaliwa

Kila siku baada ya vipindi, wanachama wa klabu ya kompyuta walifungua chumba kidogo kilichopakana na ofisi ya karani, wakapangusa vumbi na kuwasha mashine. Binti mmoja alikuwa wa kwanza kuketi na wa kwanza kusimama. Wenzake walimwita Cherehani, kwa sababu mguu wake haukutulia chini ya dawati. Ulikwenda mchana kutwa kama wa fundi anayedaiwa nguo.

Siku hiyo mwalimu wa kompyuta aliwaletea kazi. "Shule imehamia kampuni nyingine ya bima ya afya," alieleza. "Nimetoa majina yenu kwenye programu ya shule nikayaweka kwenye lahajedwali. Kesho nitayaingiza kwenye mfumo wa bima. Lakini safu ya mwaka wa kuzaliwa imetoka tupu. Cherehani, una vidole vyepesi. Chukua kadi za darasa lenu, ujaze mwaka wa kila mmoja."

Cherehani aliitikia, ila masikio yake yalikuwa uwanjani. Kocha alikuwa anachagua timu ya mpira wa pete na filimbi ilishaanza kulia. Akaandika mwaka wa mwanafunzi wa kwanza. Wa pili alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja. Akatazama rundo la kadi zilizobaki, akatazama dirisha.

"Si sote ni rika moja?" akajisemea. Akachagua visanduku vile viwili alivyojaza kwa kipanya, akashika kona na kuvuta kwenda chini mpaka mwisho wa orodha. Safu nzima ikajaa kufumba na kufumbua.

"Umemaliza?" mwalimu alishangaa. "Umehakiki kadi kwa kadi?"

"Nimehakiki, mwalimu," alijibu, tayari yuko mlangoni.

Hakujua kwamba kompyuta haikunakili miaka ile. Ilihesabu. Kila mstari iliongeza mwaka mmoja, na mwingine, na mwingine, mpaka chini kabisa.

Wiki iliyofuata, katika mbio za kupokezana vijiti, Swala aliteleza kwenye kona akaangukia mkono. Swala alikuwa mvulana aliyekaa dawati moja na Cherehani, mwenye mbio kama jina lake. Mkono ulipinda mahali ambapo mkono haupindi. Karani wa shule alimkimbiza hospitali, na Cherehani akaenda nao kumbebea mkoba. Mama yake Swala aliwakuta huko, kitambaa cha kazini bado kiko kiunoni.

Muuguzi alimchoma Swala sindano ya maumivu akaufunga mkono kwa ubao. "Mfupa lazima unyooshwe leo," alisema. "Nendeni dirisha la bima wawape kibali."

Dirishani, kijana wa bima alibofya, akakunja uso, akabofya tena. "Jina lipo," alisema. "Lakini mfumo unakataa. Huyu kwetu hajazaliwa. Atazaliwa miaka ishirini ijayo."

"Kama sijazaliwa, mbona mkono unaniuma?" Swala aliguna kutoka kwenye benchi.

Mama yake hakucheka. Alimgeukia karani. "Mama, si wewe unayeshika habari za watoto wetu? Nimekukosea nini?"

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Labda ni macho yangu, mwenzangu, maana kadi niliandika mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe."

Cherehani alikumbuka ile safu aliyoivuta kwa kipanya. Alikwenda hadi mwisho wa ukumbi, akarudi. Akakaa, akasimama. Akasoma tangazo la kunawa mikono bila kuelewa hata neno. Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, na macho ya karani yangebeba lawama. Swala akaita, "Cherehani, kaa basi, unanizungusha kichwa!" Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

Akajikaza kisabuni. "Si macho ya karani," alisema mbele yao wote. "Ni mimi. Nililipua kazi ya kujaza miaka, halafu nikadanganya kwamba nimehakiki."

 Karani hakumkaripia. Alimpigia simu mwalimu, kisha akasikiliza maelezo ya kijana wa bima: hawarekebishi mstari mmoja, shule ilete orodha ya darasa zima, iliyohakikiwa, kabla ofisi haijafungwa.

Cherehani akarudi shule mbio, karani akabaki hospitali. Mwalimu alishika kadi, Cherehani akashika kibodi. Mmoja anasoma, mwingine anaandika, kisha wanarudia kusoma. Vidole vilitaka kuruka. Mbele ya macho yake alimwona Swala benchini.

"Taratibu," mwalimu alisema. "Ukikosea tena, tutaanza upya."

Walipoingiza orodha, mfumo uliikataa. Maandishi mekundu yalijaza kioo. Cherehani alitaka kulia.

"Utalia baadaye. Tafuta kwanza," mwalimu alimwambia.

Akashuka mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, mpaka akaliona kosa: kwenye mwaka mmoja alikuwa ameandika herufi O badala ya sifuri. Akasahihisha. Wakaingiza tena. Safari hii maandishi yalitokea ya kijani, na baada ya muda mfupi simu ya mwalimu ikalia.

"Kibali kimetoka," sauti ya karani ilisema. "Wanamwingiza Swala chumba cha upasuaji."

Kesho yake Cherehani alikwenda kumwona. Swala alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta nyeupe kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Mama yake alikuwa kando ya kitanda. Cherehani akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Swala pamoja na karani niliwatesa bure."

Mama yule alimwinua, akamkalisha karibu naye.

"Karani nimeshamwomba radhi, maana nilimlaumu kabla ya kuuliza," alisema. "Na wewe, nilikukasirikia jana, sitakuficha. Kisha nikawaza: huyu mtoto angenyamaza, tungekuwa bado tunatafuta mchawi. Ulisema kweli mapema, mwanangu, ndiyo maana mkono wa mwenzako umewahiwa. Lakini kumbuka, wewe uliona safu ya kujaza. Mimi katika safu hiyo nina mtoto mmoja tu. Ukipewa kazi ya watu, ifanye kana kwamba kila mstari ni ndugu yako."