Chai Iliyosikika Angani

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, ninyimwe chai mwaka mzima.

Subaru ya Ajenti Waithera ilikata Dagoretti Corner kama kisu. Kiunoni, bastola ya Glock. Kwa paa, antena ya kunasa majasusi.

Simu.

"Uko wapi?" Mkubwa wake.

"Waiyaki Way. Ile redio imewashwa tena. Iko Mountain View."

"Harakisha. Wahu anaumia bure."

Wahu ni mwongoza ndege. Jumanne, ndege mbili zilipishana juu ya Loresho kwa futi mia mbili. Wahu aliapa alimwambia rubani aache kupanda. Rubani aliapa hakusikia. Wahu akatolewa mnarani.

Waithera alirudia kanda ya ndege mara arubaini. "Acha ku—" Kisha mluzi. Mtu fulani alibonyeza redio yake sekunde hiyohiyo, akaifunika amri. Chini ya mluzi, sauti ya mwanamume, kisha mwanamke:

"Baba Jacklyne! Chai inapoa!"

Lugha ya siri ya majasusi!

Huko Mountain View, alipanda ngazi tatu-tatu. Bunduki kumi na mbili zilimngoja. Akaupiga mlango teke.

Mzee mstaafu alifungua, redio ya Baofeng mkononi.

"Madam, umechelewa! Jasusi ameruka dirisha sasa hivi. Mrefu, kofia nyeusi!"

"Na redio?"

"Ameniachia nimshikie."

Jikoni: "Baba Jacklyne! Chai inapoa!"

Waithera akageuka polepole. Mzee akaangalia slipa zake.

Huyo mzee ni mimi.

Alinivalisha earphones, kanda ya mnara na ya ndege zikicheza pamoja. Nikamsikia Wahu akiomba, "Acha kupanda! Acha kupanda!" Na juu yake mimi, nikijifanya rubani kwa sauti ya majigambo: "Kapteni Tobias hapa, natua." Watu sitini na mmoja walikuwa ndani ya ndege hizo mbili. Nilitamani sakafu inimeze.

"Mambo ya redio utajibu kortini, mzee. Mimi kazi yangu ni kujua ilifanyikaje, isijirudie."

Niliandika kurasa mbili za kukiri. Nikampa redio, hata chaja. Akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi bila haraka.

Ijumaa Wahu alirudi mnarani. Siku hizi rubani akisikia mluzi, anauliza tena kabla ya kupanda. Mimi kanisani nakaa benchi ya nyuma.

Caren mke wangu amesoma hadi hapa.

"Teke gani? Bunduki gani? Huyo dada alibisha hodi, akavua viatu!"

"Ni kunogesha tu, Mama Jacklyne."

"Uliapa nini pale juu?"

Amebeba kikombe changu cha chai, amerudi nacho jikoni. Kilikuwa bado kimejaa.