Koleta na Barua Pepe za Tangawizi

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Inaonekana wahenga hao hawakulima tangawizi. Huku kwetu Mamba, kwenye milima ya Upare, mvumilivu hula mbovu. Tangawizi ikishang'olewa na kuwekwa ghalani msimu wa mvua, haimngoji mtu. Inaota ukungu, inalainika, kisha inanuka.

Koleta alilijua hilo vizuri. Alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa tangawizi. Pia alikuwa binti pekee wa Bibi Eliakunda, na Bibi Eliakunda alikuwa amepata kiharusi. Upande wake wa kulia haukumtii tena. Maneno nayo yalimtoka machache, kama maji ya bomba wakati wa kiangazi.

Kila asubuhi Koleta alimwogesha mama yake, akamchana nywele, akamnywesha uji kwa kijiko.

"Umeshiba, mama?"

"Bado."

"Bado kidogo au bado sana?"

Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Sana."

Mchana ilianza kazi ya pili. Nyumba yao ilikuwa bondeni. Simu ilipiga na kupokea ujumbe mfupi, lakini intaneti haikufika. Ili asome barua pepe za wanunuzi, Koleta alipanda mlima hadi karibu na kanisa. Kupanda na kushuka kulimaliza mchana wote. Mama alibaki peke yake, akiutazama mlango.

Siku moja alirudi akamkuta mama sakafuni, kanga imelowa. Alikuwa amejaribu kuchukua maji ya kunywa, akaanguka. Koleta hakumwinua haraka. Alikaa naye pale pale chini, akamkumbatia mpaka pumzi za wote wawili zikatulia. Wiki ile hakupanda mlima tena.

Alipopanda, alikuta barua ya kampuni moja ya viungo. Walitaka mzigo wote. Juu yake ilikuwapo barua ya pili: "Hatukupata jibu. Tumenunua kwingine."

Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Zefania, hakumfokea. Sauti yake ya upole ndiyo iliyouma.

"Binti yangu, jasho la watu wote hawa liko ghalani. Mnunuzi mwingine akipotea, tutaimwaga tangawizi shimoni. Ukatibu na uuguzi havipikwi chungu kimoja. Chagua."

Jioni ile Rabia alipita kuwajulia hali. Rabia alitoka Tanga. Alikuwa afisa ugani wa kata, na alipanga nyumba ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Mara... haba."

Koleta alimweleza yote. Rabia alisikiliza, kisha akauliza, "Maji yakiingia kwenye ndiva wakati watu wamelala, nani anayalinda?"

Ndiva ni bwawa la kijiji. Maji ya mlimani hukusanyika humo kabla ya kugawiwa mashambani.

"Hakuna mtu," alisema Koleta. "Lango limefungwa."

"Likifunguliwa?"

"Maji yanafuata mifereji. Kila shamba linapata zamu yake."

"Basi Wapare mnajua kazi hii kabla sijawafundisha. Barua pepe nazo huchimbiwa mifereji."

Jumamosi walimwomba jirani akae na mama, wakaenda ofisi ya kata. Pale intaneti ilikuwapo. Rabia alifungua kompyuta.

"Hii ni programu ya kupanga kazi," alisema. "Huhitaji kuwa fundi wa kompyuta. Kila kisanduku unachokiona ni kazi moja. Unavipanga, unaviunganisha kwa mistari. Cha kwanza kinasema: barua ikiingia. Cha pili kinauliza: je, ina neno tangawizi, bei au mzigo?"

"Kama inayo?"

"Inawekwa kwenye fungu la wanunuzi. Mnunuzi anajibiwa papo hapo kwamba barua yake imefika. Na wewe unaletewa ujumbe mfupi, huko huko bondeni."

"Kama haina?"

"Inabaki imekaa, utaisoma siku ukipanda."

"Na bei? Mashine isije ikawapa watu bei ya ajabu!"

"Bei unaijaza wewe, na kilo zilizopo unazijaza wewe. Programu inaandika jibu, lakini hailitumi. Inakuuliza kwanza. Ukijibu NDIYO, jibu linakwenda. Ukijibu HAPANA, linabaki."

"Simu yangu ikiisha chaji?"

"Jibu la kwamba barua imefika litakwenda tu. Programu haikai ndani ya simu yako. Iko kwenye kompyuta za mbali, nazo hazilali. Ila hilo la bei litakungoja."

"Bure?"

"Programu hii kuanza ni bure. Ujumbe mfupi mtalipia, lakini gharama yake haitafika nauli ya bodaboda ya kupanda kule juu. Haya, andika nywila ya barua pepe ya kikundi. Mimi nisiione, wala usimpe mtu." Rabia akageukia ukutani mpaka alipoambiwa tayari.

Kisha Koleta aliandika lile jibu la kwanza kwa mnunuzi. Aliandika hivi: "Habari za huko? Mmeamkaje? Watoto hawajambo? Na kazi je? Barua yako ya tangawizi imefika. Tunangoja kusikia hali zenu."

"Mbona ndefu?" aliuliza Rabia.

"Mgeni hasalimiwi juu juu."

Kesho yake, katikati ya mahubiri, simu ilitetemeka ndani ya mkoba wa Koleta. Ikatulia. Ikatetemeka tena. Na tena. Wanakwaya waligeuka. Koleta aliukalia mkoba.

Alipotoka aliangalia barua pepe, akashika kichwa. Alikimbia kwa Rabia bila hata kumsalimia.

Rabia alitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kampuni moja ya Arusha ilikuwa imeulizia tangawizi, kisha ikafunga ofisi. Yenyewe nayo iliacha mashine ya kujibu: "Tumepokea barua yako ya tangawizi." Programu ya Koleta iliona neno tangawizi, ikasalimia. Mashine ya Arusha ikajibu. Programu ya Koleta ikasalimia tena.

"Mashine mbili zimekutana njiani, zinasalimiana Kipare!" alisema Rabia. "Na bado hazijafika kwenye kuulizana hali za wajomba. Watu wanasema ninyi ni wabahili, kumbe salamu mnagawa bila kipimo!"

"Nyie watu wa Tanga mna maneno! Nizimie hii kitu."

"Hatuizimi, tunaitengeneza. Tunaongeza masharti. Kwanza, barua iliyotumwa na mashine isijibiwe. Pili, mtu mmoja asalimiwe mara moja tu kwa siku. Kisha tunaijaribu. Wewe si huonja uji kabla ya kumlisha mama? Kosa letu ni hilo, hatukuonja."

Walirudi ofisi ya kata, wakaongeza masharti, na Rabia akatuma barua ya majaribio kutoka kwenye anwani yake. Salamu ikaja, ikaja moja tu. Simu ya Koleta ikalia mara moja, ikanyamaza.

Jumanne Koleta alikuwa kwenye kijiko cha tano au cha sita cha uji. Ujumbe ukaingia: "Mnunuzi wa Moshi anataka tangawizi yote. Anaomba bei leo, la sivyo anakwenda kwingine. Jibu lina kilo zilizopo na bei iliyopangwa kikaoni. Litumwe?"

Kijiko kilibaki hewani. Desturi ya kikundi ilikuwa moja. Barua ya mnunuzi husomwa kwanza kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji. Wanachama wakishaisikia ndipo hujibiwa. Msaragambo ulikuwa Alhamisi. Koleta alimpigia Mzee Zefania. Hakupatikana. Alipiga tena. Hakupatikana.

Alimsomea mama ujumbe wote, polepole.

"Nitume, mama?"

Mama aliitazama simu. "Tuma," alisema.

Koleta aliandika NDIYO. Mama akanyanyua mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima, akabonyeza kitufe cha kutuma mwenyewe. Kisha akafungua mdomo kudai uji wake.

Alhamisi lori la Moshi lilipanda likinguruma hadi ghalani. Wanachama waliacha majembe mferejini, wakaja kupakia. Hakuna gunia lililobaki. Wanawake walianza kuimba. Mzee Zefania aliinua mkono, wimbo ukakatika.

"Tumeuza, tunashukuru Mungu," alisema. "Lakini desturi ni desturi. Katibu umejibu barua kabla haijasomwa hapa. Umejibu ukiwa umekaa nyumbani kwako. Waombe radhi wanachama, yaishe."

Watu wote walimgeukia Koleta. Alisimama wima.

"Bei mlipanga ninyi, Mzee. Kilo mlipima ninyi. Nilikupigia, hukupatikana. Mimi nilikuwa namlisha mama yangu, na barua ikajibiwa, na ghala ni tupu. Kunivua ukatibu mnaweza. Radhi siombi. Leo siombi, na kesho siombi."