Aliyelia Ndani ya Boksi

Kofia zilikuwa mbichi.

Shukriya alizishika moja moja. Alikuwa ameshazitia wanga tangu jana asubuhi, zikakauka zikasimama vizuri, na mjini Ibra, huko Omani, siku zile jua lilikuwa likikausha hata mate mdomoni. Sasa ni saa tisa mchana, watu ndio kwanza wanaamka usingizi wa adhuhuri, na kofia tatu za safu ya chini zilikuwa zimelowa, kila moja upande mmoja tu, kama kwamba mtu ameegemeza shavu pale akalia. Akapitisha kidole, akakiramba. Chumvi.

"Mama, umemwaga maji huku?" akamuuliza mkwewe.

Bi Asya alikuwa ukumbini anatafuta miwani yake. "Maji ya nini, mwanangu? Mimi ndio kwanza nainua kichwa."

Shukriya akazianika uani. Siku ya pili zikalowa tena. Siku ya tatu zikawa nne.

Mumewe, Hamoud, alikuwa mshika stoo kwenye duka moja la televisheni na mafriji. Kila seti ilipofunguliwa ili wateja waione, boksi lake lilitupwa nyuma ya duka, na Hamoud, mtu asiyeweza kuona kitu kizima kinatupwa, akayapakia kwenye pikapu akaja nayo nyumbani. Maboksi madogo ya simu Shukriya aliyatilia nyuzi na sindano. Ya video aliyatilia vitambaa. Na ile filini, povu gumu jeupe linalobana pembe za televisheni isivunjike njiani, aliikata kwa kisu alichokipasha moto juu ya gesi, akachonga vichwa vya mviringo vya kuvishia kofia alizozishona kwa mkono zisipoteze umbo. Boksi la televisheni ya inchi ishirini na tisa akalisimamisha, akalikata uso, akalitandika kitambaa cheusi ndani, akapanga vichwa vyake safu mbili juu, na chini kabisa akaacha safu moja na nafasi ya mabaki. Likawa kabati. Kila Jumatano alilipeleka soko la wanawake, na wenziwe waliotandaza kofia zao juu ya mkeka wakaja kulitazama.

"Mashallah, Shukriya!" Ghalia, rafiki yake aliyekuwa akiuza udi pembeni yake, akamwambia. "Kama duka la Maskat. Nami nichongee kichwa kimoja."

Akamchongea.

Kazi ile ndiyo iliyomfanya amwachishe Shahad ziwa mapema. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minane. Alilia siku tatu, akivuta kifua cha nguo ya mamake, kisha akanyamaza, na Shukriya akashukuru kwamba ameshasahau.

Baada ya kofia ikaja harufu. Maziwa yaliyochacha, na nyuma ya maziwa, harufu ya filini iliyoungua. Shukriya alisugua sakafu kwa sabuni na ndimu, akafukiza ubani, na harufu ikaondoka, mchana ikarudi. Kisha ukaja mlio. Nyumba nzima imelala, Hamoud anakoroma, kiyoyozi kinanguruma dirishani, na kutoka chumba cha kazi unasikika ule mlio wa filini ikisuguana na filini, ule unaoingia kwenye meno. Ulikuwa wa taratibu, unakwenda na kurudi, kama mtu anayebembeza.

"Panya," akasema Hamoud.

"Panya hawendi kwa mpigo," akasema Shukriya.

Na Shahad akawa hali chakula. Uji alitema, ndizi alitupa, mtindi aliugeuzia uso. Hakulia njaa wala hakulalamika. Alikaa anatazama ukuta, ameshiba, na mbavu zake zikawa zinahesabika. Walimpeleka hospitali, wakampima damu na choo, wakaambiwa mtoto hana ugonjwa wowote, ajaribiwe vyakula laini. Bi Asya alimpokea mjukuu wake mlangoni, akanusa mdomo wake, na uso ukambadilika.

"Shukriya. Umemrudishia ziwa?"

"Hasha, mama. Langu limekauka mwezi sasa."

"Basi huyu nani anamnyonyesha?"

Adhuhuri ya siku ile Shukriya alijilaza pembeni mwa mwanawe, akafumba macho, akavuta pumzi kama aliyelala. Akamsikia Shahad anashuka kitandani. Nyayo ndogo zikapita sakafuni. Akainuka akamfuata peku peku, ameshika ukuta, na kila hatua ile harufu ilizidi kuwa nzito mpaka akawa anaionja ulimini, na mlio wa filini ukaanza, kwii, kwii, taratibu, na alipofika mlangoni mwa chumba cha kazi akamwona mwanawe amejikunja ndani ya boksi, chini kabisa, katikati ya mabaki meupe, kichwa kimeinuliwa juu kidogo kuliko kinavyoweza kuinuka chenyewe, kimelala juu ya mkono usiokuwapo, macho ameyafumba, midomo inakwenda, inavuta, inameza, na tone jeupe likatoka pembe ya mdomo likateremka shingoni, na kofia zote juu yake zilikuwa zinatikisika kidogo kidogo kama mabega ya mtu anayelia kwa kujizuia asimwamshe mtoto.

Akapiga kelele. Mlio ukakatika. Shahad akafumbua macho, akamtazama mamake, kisha akatazama juu, pale pasipo na mtu, akanyoosha mikono huko.

"Mama," akasema.

Bi Asya alimkalisha mkwewe jikoni, akamnywesha maji. Yeye alizaliwa mjini Unguja, na mambo haya ya majini na binadamu aliyakuta kwa mamake.

"Ulipokuwa ukikata lile povu, ulisema bismillahi?"

Shukriya akafikiri. Alikumbuka moto wa gesi, kisu chekundu, filini inayeyuka inalia, na simu ameibana kwa bega anazungumza na dadake aliyeolewa mjini Sur. Walikuwa wakicheka.

"Sikumbuki, mama."

"Hukumbuki," akasema Bi Asya kwa sauti ndogo. "Ndio hukusema."

Hamoud aliondoka alfajiri kwenda Wadi Bani Khalid, akarudi kabla ya adhuhuri na Mwalimu Nadhir, mzee mwembamba aliyevaa kanzu iliyofuliwa sana. Bi Asya alimpa kahawa, mwalimu akanywa kikombe kimoja tu, akaomba apelekwe kwenye boksi. Akaketi mbele yake. Akasoma. Boksi likatulia kama maboksi yote. Akasoma tena, akiwa ameshika bilauri ya maji, na sauti yake ilipopanda Shukriya akahisi kifua kinamuuma, kinajaa, na nguo yake mbele ikalowa. Akajitazama akaona maziwa.

"Mwanangu alikuwa wa siku nne," akasema Shukriya.

Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Maneno hakuyafikiri yeye. Alijisikia akisema kama mtu anayesikiliza jirani kupitia ukuta.

Mwalimu hakushtuka. "Wewe nani?"

"Mama."

"Umeingiaje nyumba ya watu?"

"Sikuingia. Nilimlaza kwenye pembe nyeupe, ndani ya boksi, nyuma ya duka. Palikuwa laini, pana kivuli. Nikaenda kutafuta chakula. Niliporudi gari limeondoka. Nimefuata harufu yake njia nzima mpaka hapa, nikamkuta keshakatwa. Huyu alikuwa na simu sikioni. Alikuwa akicheka."

"Hakukusudia. Hakumwona."

"Mimi nilimwona."

Hamoud alikuwa amemkumbatia Shahad mlangoni, na mtoto alikuwa akihangaika mikononi mwake, anataka kushuka aende kwa mamake, na hakuna aliyejua ni kwa nani khasa.

"Unamwua mtoto wa wenzio," akasema mwalimu. "Maziwa yako si riziki yake."

"Yamejaa. Yananiuma. Huyu wake alikuwa akililia ziwa na yeye kamnyima. Nimemnyonyesha siku kumi na moja, wala hajatimiza miaka miwili. Kwa sheria ni mwanangu wa ziwa. Kataa, mwalimu, wewe uliyesoma."

Mwalimu Nadhir akaiweka bilauri chini. Kisha akamgeukia Hamoud, akasema kwa sauti ya chini, "Naweza kumsomea mpaka aungue. Ataondoka leo leo, wala harudi."

"Msomee, mwalimu. Wallahi, msomee."

"Usimsomee," akasema Shukriya. Safari hii alikuwa yeye, midomo imerudi kuwa yake, na machozi yanamshuka bila kuyapangusa. "Mwache amzike mwanawe kwanza. Muulize anataka nini."

Alitaka mambo matatu. Apewe mwanawe wote, isibaki hata punje. Akaliwe matanga kama mtoto wa watu. Na siku moja kwa mwaka, tarehe kama ya siku ile, baina ya adhuhuri na alasiri, amwone Shahad.

"La kumwona, kataa," Hamoud akasema.

"Ana haki," akasema mwalimu kwa huzuni. "Sipendi kusema, lakini anayo. Asimnyonyeshe tena, hilo nitamwapisha. Kumwona, mimi siwezi kumkatalia mama wa ziwa."

Shukriya akaitikia kwa kichwa.

Kukusanya kulichukua siku mbili. Vichwa vya kofia vilikuwa rahisi. Punje ndizo zilizowatesa, vile vijipunje vyeupe vinavyoganda kwenye nguo na kukimbia ukivipulizia. Walizitoa kwenye mazulia, kwenye nywele za Shahad, kwenye maboksi ya nyuzi, chini ya kiyoyozi. Bi Asya, na goti lake bovu, alipiga magoti uani akaziokota mchangani kwa kidole kilicholowa mate. Shukriya akaenda kwa Ghalia kukitaka kile alichomchongea.

"Zawadi inarudishwa?" Ghalia akauliza, kisha akamtazama vizuri usoni, akakivua kofia akampa.

Wakamfunga kwa bafta nyeupe. Furushi halikuwa na uzito; Shukriya alilibeba njia nzima mapajani kwenye pikapu na hakuhisi kitu, na hilo ndilo lililomliza. Hamoud alichimba chini ya mgunga, ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu, mbali na makaburi ya watu. Mwalimu alisimama kando. "Sala yao siijui," akasema, "tumwachie mamake." Wakageuza migongo wakangoja. Hapakuwa na upepo, lakini walisikia changarawe inateremka, na walipogeuka shimo lilikuwa limeshafukiwa.

Siku tatu Bi Asya alipika kahawa, akapanga tende kwenye sahani, akafungua mlango wa barazani. Majirani waliambiwa msiba ni wa watu wa mbali. Wanawake walikuja, wakatoa rambirambi, azzamallahu ajrakum, wakaketi. Pale walipokaa palikuwa na nafasi moja ukutani ambayo hakuna aliyeikalia, hata chumba kilipojaa, na hakuna aliyeuliza.

"Nani aliyefariki?" Ghalia alinong'ona.

"Mtoto mchanga."

"Masikini. Mamake yu hali gani?"

Shukriya akainamia sahani ya tende, na Ghalia akamvuta kifuani mwake.

Siku ya nne Shahad aliomba uji. Alikula bakuli zima, akaomba jengine.

Boksi Hamoud alilichoma. Shukriya akarudi sokoni na mkeka, akatandaza kofia zake chini kama wenziwe, na walipomuuliza kabati lake liko wapi alisema limevunjika. Miaka ikapita, na Mungu hakumpa mtoto mwengine. Kila ilipofika siku ile, alimwogesha Shahad, akamvisha nguo safi, akamwingiza chumba kilichokuwa cha kazi, akafunga mlango, akaketi chini ukumbini. Aliisikia harufu ya maziwa inapita chini ya mlango. Alimsikia mwanawe akizungumza, akinyamaza kusikiliza, akicheka. Hodi hakupiga hata mara moja. Alasiri ikiadhiniwa mtoto alitoka mwenyewe, nywele zake zimesukwa msuko ambao Shukriya hakuujua, na usiku ule alilala nao. Asubuhi Shukriya akaufumua.

Mwaka Shahad alipokuwa na miaka sita na kitu, alitoka kabla ya adhana. Alisimama mbele ya mamake, ameshika kitasa.

"Mama, kanambia nikuulize kitu."

"Kitu gani?"

"Mwanawe. Mlipomzika, mlimwita nani? Anasema hakuwahi kumpa jina, ilikuwa bado siku saba hazijafika. Anasema kila akenda pale hajui aite nani."

Bi Asya, aliyekuwa akivuta uradi kwenye kiti chake, akasimamisha tasbihi.

"Nenda kwa bibi," Shukriya akamwambia mwanawe.

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake. Dirisha lilikuwa wazi na chumba kitupu, zulia tu na ukuta. Alikuwa na jina moja, alilolificha tangu harusi yake kwa ajili ya mtoto wa kiume, hakupata kumwambia hata Hamoud, na usiku mwengine alikuwa akilitaja peke yake chini ya shuka.

"Mwite Luay," akasema.

Kisha pembeni mwa chumba, karibu naye sana, sauti ya mwanamke ikalirudia jina lile mara moja, polepole, kama mtu anayejifunza kulitamka.