Hesabu Imezidi Mmoja

Jua lilikuwa linazama nilipoanza kusukuma toroli la vitabu, kama jioni nyingine zote.

Nilikuwa mfungwa, na kazi yangu ilikuwa maktaba. Usifikirie maktaba kubwa. Ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo, rafu zilizopigiliwa kwa mbao za masanduku, na vitabu vilivyochanika migongo. Mchana nilikaa humo na mzee mmoja, mfungwa mwenzangu. Tulimwita Gundi kwa sababu alipika gundi ya unga na kubandika kurasa zilizong'oka. Jioni, kabla ya hesabu, nilipeleka vitabu kwenye seli za nyuma, ambako watu hufungiwa mmoja mmoja.

Huko tulikuwa na utaratibu wetu. Asiyejua kusoma nilimsomea ukurasa mmoja kupitia kidirisha cha mlango. Wao walikatazwa kuongea, kwa hiyo walijibu kwa kugonga bati la mlango. Mara moja: endelea. Mara mbili: inatosha, lala salama.

Nyuma ya mlango wa mwisho alikaa mtu tuliyemwita Kimya. Sikuwahi kuuona uso wake. Alipenda kitabu cha ufugaji wa nyuki, na nilishamsomea karibu chote.

Nilimpenda yule mtu kwa sababu hakuniuliza kitu. Mke wangu alikuwa amefariki nikiwa ndani. Niliitwa ofisini, nikaambiwa nikiwa nimesimama, nikarudi kubandika vitabu. Sikumzika. Sikutupa hata konzi moja ya udongo. Nilisali tu, uso ukutani, ili wenzangu wasinione.

Sasa hati zangu za kuachiwa zilikuwa zimeshasainiwa. Dada yangu angekuja kunichukua pamoja na binti yangu mdogo. Tangu mama yake azikwe, mtoto yule alikataa kulala mpaka aambiwe baba anarudi lini. Hilo tu ndilo nililokuwa naliomba kwa Mungu: nifike nimlaze.

Basi jioni ile nikafika mlango wa mwisho. Korido ilikuwa tupu. Askari wa zamu, tuliyemwita Afande Funguo, alikuwa kule mbele anapiga miayo.

Nikafungua kidirisha. Ndani giza.

Nikasoma: "Malkia akipotea, nyuki hubadilisha sauti..."

Ukurasa ukaisha. Nikasubiri.

Ngo.

Mara moja. Endelea.

Haikuwa kawaida yake, lakini nikageuza ukurasa. Ukaisha na huo.

Ngo.

Nikahisi harufu. Sabuni ya kufulia, na mafuta ya nywele. Na chini yake udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi ya mvua.

"Kimya," nikanong'ona. "Vipi, ndugu yangu? Unaumwa?"

Ikaja sauti, taratibu, karibu kabisa na kidirisha...

"Mchelewaji."

Siku ya harusi yetu nilichelewa kwa sababu nilikwenda kuazima viatu. Toka siku hiyo mke wangu hakuniita jina lingine tukiwa wawili. Hata mama yangu mzazi hakulijua.

Mama huyo huyo alinifundisha nikiwa mdogo: jioni ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka umwone. Lakini gerezani mafunzo ni mengine. Ukiitwa unaitika papo hapo, kwa sauti, la sivyo utalala umesimama. Baada ya muda mwili unaitika kabla ya akili.

"Mchelewaji, upo?"

"Nipo, afande!"

Nilipiga mguu chini na mikono nikaibana ubavuni. Mtu angeniona angecheka.

Nyuma ya mlango mtu akashusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo.

Afande Funguo akaja mbio, tochi mkononi. "We msomi, unaripoti kwa nani? Hiyo seli haina mtu! Kimya kapelekwa hospitali tangu asubuhi. Hukuambiwa?"

Akamulika ndani. Sakafu, ndoo, ukuta.

"Sikuambiwa, afande."

"Basi unawasomea kunguni. Twende kwenye hesabu."

Tukachuchumaa uwanjani kwa mistari. Wakahesabu. Wakarudia. Wakabadilisha anayehesabu.

Hesabu ilizidi mmoja.

Wafungwa wakaanza kucheka chinichini. Mmoja nyuma yangu akasema, "Jamani, watu hutoroka kwenda nje. Huyu katorokea ndani?" Hata askari walitabasamu. Lakini walipoita kwa majina, kila jina likawa na mtu wake, na kila mtu jina lake. Walipohesabu vichwa, mmoja zaidi. Taratibu kicheko kikakatika. Kila mmoja akawa anamtazama aliye kando yake.

Asubuhi ikawa hivyo hivyo. Na kesho yake. Mkuu wa gereza akatoa amri: hesabu isipolingana, lango halifunguki kwa yeyote, awe na hati au hana. Dada yangu alikuja siku yangu ilipofika, akarudishwa. Kupitia ukuta nilimsikia mwanangu analia. Sauti ya mwanao huwezi kuichanganya na ya mwingine.

Nikaenda maktaba, nikakaa. Gundi alikuwa anakoroga sufuria yake.

"Umeitika, mwanangu?" akauliza bila kugeuka.

"Nimeitika, mzee."

"Ehe. Aliyeitikiwa kahesabiwa."

Akanieleza kidogo, kwa mafungu, kama alivyozoea kuongea. Zamani mtu alifia katika seli ile jioni. Walimtoa kabla ya hesabu, na hakuna aliyewaambia askari waliokuwa na orodha. Wakaliita jina lake mpaka wakachoka. Hakuna aliyeitika. Tangu hapo seli ile ikikaa tupu, inaita yenyewe.

"Inaita kwa sauti ya yule unayemtaka," akasema. "Inatafuta wa kuitikia."

"Nifanye nini?"

"Rudi pale. Ikikuita tena, sema: sipo. Hilo tu. Utahesabika peke yako."

"Na kama ni yeye kweli, mzee? Kama ni mke wangu?"

Gundi akaendelea kukoroga muda mrefu.

"Hilo silijui. Mimi niliitwa na mama yangu."

"Ukamwambia sipo?"

Akanigeukia. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Si unaniona bado niko hapa?"

Jioni nikasukuma toroli. Nilisali njia nzima. Gurudumu lililia, na kila lilipolia niliona kama linanisema. Kidirisha cha mwisho kilikuwa wazi, ingawa nilikumbuka nilikifunga.

Harufu ile ile. Sabuni. Mafuta. Udongo.

"Mchelewaji."

Nikauma midomo.

"Mchelewaji, upo?"

Nilitaka kumwambia mengi. Kwamba niliomba ruhusa ya mazishi nikakataliwa. Kwamba upande wake wa kitanda naufikiria hata nikilala juu ya saruji. Nilitaka kuingiza mkono kwenye kidirisha kile, hata kama ningeguswa na kitu gani.

Ndipo sauti ikauliza, kwa upole, kama ilivyouliza kila jioni nikiingia nyumbani:

"Mtoto kala?"

Nikashika toroli. Jini gani huuliza kama mtoto kala?

Lakini mtoto ndiye aliyenifanya nifungue mdomo.

"Sipo," nikasema.

"Sipo, mke wangu. Nisamehe. Sipo."

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyelia. Bati likagongwa mara mbili, polepole.

Inatosha. Lala salama.

Hesabu ya jioni ile ikalingana. Askari wakapiga makofi kama watoto. Kesho yake lango likafunguliwa nikatoka. Gundi alinisindikiza mpaka mwisho wa korido, akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye unga. Nje mwanangu alinirukia shingoni, na dada yangu akageukia ukuta akafuta macho.

Nilikwenda kaburini, nikasimama, nikatupa konzi yangu ya udongo, ingawa nyasi zilishaota.

Furaha ilinifanya nisijiulize swali moja. Hesabu ilizidi mmoja, halafu ikalingana. Hati ya kutoka ilikuwa yangu peke yangu. Yule aliyepungua alitoka kwenda wapi?

Sasa jioni nyingi zimepita. Mwanangu halali mpaka nimsomee. Hukaa mapajani kwangu, mikono yake miwili ndani ya wangu mmoja, nami nashika kitabu chake cha shule kwa mwingine. Dada yangu huwa kwake, ng'ambo ya mji. Nyumbani tuko wawili tu.

Jana nilifika mwisho wa ukurasa nikanyamaza. Nilidhani mtoto amesinzia.

Mlango ukagongwa.

Ngo.

Mara moja.

Mwanangu hakushtuka. Alifumbua macho kidogo, akanusa upepo uliopita chini ya mlango, wenye harufu ya sabuni na mafuta ya nywele, akatabasamu, akafumba tena.

Sikuuliza ni nani. Sikusema nipo, wala sikusema sipo. Neno lile nililisema mara moja, na Mungu ananijua, siwezi kulirudia.

Niligeuza ukurasa. Nikasoma, na sauti nikaipandisha kidogo, ili isikike mpaka nje.