Nyuzi Thelathini na Saba

Rafiki yangu Nice anafanya kazi Engutoto, kwenye ofisi inayosaidia wakulima wa kahawa. Haya alinisimulia mara moja tu, na sikuthubutu kumwomba arudie.

Katika shamba la mzee Gadiel, kule Nkoaranga, walikuwa wamefukia vipimajoto kumi na viwili, mstari mmoja kutoka korongoni hadi mlangoni kwa mzee. Takwimu zilijiingiza zenyewe kwenye kompyuta ya Nice. Aliandika fomula ya Excel ya kulinganisha kila kipimajoto na jirani zake. Kikitofautiana nao sana, kisanduku chake kinageuka chekundu.

Jumatatu kiligeuka cha kwanza, kule korongoni: nyuzi thelathini na saba, wakati jirani zake wana kumi na tisa. Akadhani kimeharibika. Jumanne hicho kikapoa, kikageuka cha tatu. Jumatano, cha saba. Alhamisi jioni kilipogeuka cha kumi na moja, akampigia mzee simu.

"Shikamoo baba. Uko na nani hapo?"

"Marahaba. Niko peke yangu. Ukungu umeshuka, hata migomba siioni."

Wakiwa bado wanaongea, kisanduku cha mwisho kikawa chekundu.

"Baba, funga mlango! Usitoke!"

Nice akasikia majani makavu ya migomba yakikanyagwa taratibu, kisha mzee akiuliza, "Nani?"

"Ni mimi, Nice," ikajibu sauti kutoka nje, na ilikuwa sauti yake kabisa. "Nifungulie, baba."

Nice akapiga kelele, lakini mzee alikuwa ameshaiweka simu mezani. Akasikia komeo likivutwa.