Kopo Lililolia Asubuhi

Nyumba ya Léocadie haikauki watu. Tangu ajifungue Miradie, wiki tatu zilizopita, wanawake wa kanisa wanapanda ghorofa ya sita pale Stratford, ughaibuni, kila siku. Huyu kaleta sombe la majani ya muhogo, yule fufu, wa tatu kaleta habari za watu. Mtoto anapita mikononi kama sahani ya harusi. Raha tupu!

Lakini raha ile ilikuwa na macho. Léocadie anaishi na virusi vya UKIMWI, na pale nyumbani anayejua ni mumewe Adolphe peke yake. Wageni walipoanza kujaa, alivitoa vidonge kwenye chupa yake, akavificha ndani ya kopo la kahawa, juu ya kabati la jikoni. Saa sita mchana, saa ya kumeza, Mama Aristote, mmoja wa wale wa kanisa, alimwona akinyanyuka.

"Unatafuta nini jikoni, Mama Miradie? Keti! Mzazi haingii jikoni kabla ya siku arobaini."

Akaketi. Siku ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili vilevile. Jioni alijituliza. Mtoto amezaliwa salama, kipimo chake kilikuwa safi. Dawa si ilikuwa ya kumkinga tumboni? Acha nipumzike kidogo. Na Miradie alikuwa ananyonya.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, Léocadie alikuwa bafuni. Akasikia kitu jikoni.

Cha... cha... cha.

Polepole. Kama mtu anayetikisa kayamba huku akisikiliza.

Alitoka mbio. Jikoni hakuna mtu. Adolphe, aliyetoka zamu ya usiku ya usafi, amelala ameelekea ukutani. Kopo liko mahali pake. Akaligusa. Lilikuwa na joto, kama limetoka mkononi mwa mtu.

Kesho yake, tena. Kesho kutwa, tena. Cha... cha... cha. Mwili ulimsisimka. Alimkumbuka dada yake Nabintu, aliyeacha dawa kule Bukavu kwa kujiona mzima. Siku zake za mwisho, Nabintu alikuwa akilitikisa kopo lake la dawa namna hiyo hiyo.

"Nabintu, unataka nini kwangu?" alinong'ona.

Miradie, begani mwake, alikuwa amelikodolea kabati macho.

Mchana huo alikuja Lydia, mama wa Goma anayewasaidia wazazi kliniki. Yeye pia anaishi na virusi. Wanawe watatu hawana. Alikula sombe, akacheka na wageni, kisha akasema, "Niazimeni mzazi wenu kidogo."

Chumbani, Léocadie alimweleza habari za kopo. Lydia hakucheka.

"Mara ya mwisho umemeza lini?"

"Leo siku ya tano."

"Na mtoto ananyonya?"

"Ndiyo, dada."

"Sikiliza, mdogo wangu. Dawa hii si ya mimba tu. Ni ya maisha. Ukimeza kila siku, virusi vinalala, hata kipimo hakivioni. Ukiacha, vinaamka. Na huvisikii vikiamka. Huumwi, huna homa. Vinakwenda kimya kimya mpaka kwenye maziwa."

Léocadie akamtazama mwanawe. Kumbe la kuogopa halikuwa kabatini.

"Nifanyeje?"

"Meza kidonge kimoja sasa. Usimeze viwili kufidia. Ziwa tunalisimamisha leo, mtoto apewe maziwa ya unga. Kliniki tunaipigia simu sasa hivi, mpimwe damu nyote wawili."

"Na hawa wakiniuliza kwa nini hanyonyi?"

"Sema daktari ameshauri. Kisha wape habari ya harusi ya mtu. Watasahau!"

Mlango ukafunguka. Adolphe aliingia, akatoa kopo ndani ya koti.

"Ni mimi," alisema. "Asubuhi zote hizo ni mimi. Nilisikiliza kama sauti inapungua. Haikupungua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi, bibi yangu? Nyumba hii haina kona isiyo na shangazi."

Siku ile ile vidonge vilirudi kwenye chupa yake, na chupa ikawekwa chumbani. Kwa ushauri wa kliniki, saa ya kumeza ikawa saa mbili asubuhi, kabla ya wageni.

Majibu yalichukua siku kadhaa, siku ndefu. Virusi vya Léocadie bado havikuonekana kwenye kipimo. Miradie hana virusi. Watapimwa tena, na tena. Chupa ya maziwa, anayeigombania kumlisha mtoto ni Mama Aristote.

Kila asubuhi Adolphe huitikisa chupa ya dawa. Cha, cha, cha. Léocadie anameza. Siku hadi siku sauti inapungua. Asubuhi moja Léocadie alimeza cha mwisho, Adolphe akaitikisa, wakatega masikio wote wawili.

Kimya.

"Vaa koti," alisema Léocadie akitabasamu. "Twende tukachukue nyingine."