Shina Lililolegea

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Chiriku alifagia kibaraza na kuutazama mmea wa mama yake. Ulikuwa waridi la jangwani: mfupi, mnene chini kama mtungi, wenye maua mekundu. Mama alikuwa amelazwa hospitalini mwezi wa pili sasa, na agizo lake lilikuwa moja: "Kikombe kimoja kila Ijumaa, basi. Mmea huu ni wa nchi kavu. Akiba yake iko shinani."

Baridi ilipoingia, majani yalipukutika. Chiriku akadhani ni kiu, akawa anaumwagilia kila siku. Chiriku alipokwenda kumwona mama hospitalini na kuulizwa habari za mmea, alijibu, "Umechanua, mama!" Na mgonjwa akatabasamu.

Shina lilipoanza kulegea, Chiriku aliogopa, akaacha kuumwagilia kabisa. Siku ya nne shangazi yake, mtunza bustani, alikuja kuandaa nyumba, kwani mama angerudi keshokutwa. Alilibonyeza shina, kidole kikazama.

"Chiriku, mdomo usio na likizo, leo mbona kimya? Uliumwagilia?"

"Nilisahau, shangazi. Tangu mwezi uliopita." Heri aitwe mvivu, aliwaza, kuliko mkaidi.

"Basi ni kiu. Kiu hulegeza shina, na kuoza hulilegeza vilevile. Ajuaye ni aliyeshika kikombe." Akainua ndoo.

Chiriku aliona ndoo ikiinamia chungu cha mmea. "Usimwage, shangazi! Nimekudanganya. Niliumwagilia kila siku!"

Ndoo ikatuliwa. Shangazi aliung'oa mmea. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka. Alikata, akakata tena, hata likabaki tawi moja lenye moyo mweupe. "Likauke kivulini wiki nzima, kisha tulipande mchangani. Nawa mikono, utomvu wake ni sumu."

Mama alirudi amekonda, akakuta chungu kitupu. Chiriku alimweleza yote.

"Maua yale ndiyo yaliyokuwa yakinipa nguvu," mama alisema. "Daktari aliponiuliza maumivu yalianza lini, niliona haya, lakini nilisema kweli. Ningeficha, angetibu ugonjwa usio wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, mwanangu. Na kosa ni maradhi."

Miezi miwili baadaye tawi lilitoa majani mawili.

"Limechanua?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Bado, mama," Chiriku akajibu.